Ubao wa Mwenyekiti na Pumzi za Lori

Kipini kizuri kisizibe pua. Nimeyasema maneno hayo sasa hivi, hapa kwenye baraza la zahanati, nanyi vijana wa kamati mmetazamana kama vile mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mlikuwa mkinisomea ratiba ya ufunguzi wa wodi ya wazazi. Wageni kumi na wawili, kila mmoja na hotuba yake, na kwaya mbili juu. Muuguzi Oliva, ambaye ndiye atakayewazalisha hao akina mama, hamkumpa hata dakika tano awaeleze waje lini na waje na nini. Ndipo Sigrada, mjukuu wangu, akauliza, "Babu, msemo huo umetoka wapi? Mbona wanawake wa huku kwetu hawavai vipini?"

Kweli, hawavai. Msemo huo ulipanda mlima kuja kwetu, tena ulipanda kwa lori. Kaeni vizuri kwenye hilo benchi niwaeleze ulikotoka.

Chama chetu cha wakulima wa pareto kilinunua lori mwaka ule ambao Editruda, mama yake Sigrada, alikuwa na miezi tisa. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa na tabo. Msiojua tabo, nisikilizeni. Moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kupotea bure, unazungusha feni ndogo, na feni hiyo inasukuma hewa nyingi kuingia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta yanaungua vizuri na gari linapata nguvu. Mlima wetu wa Nyambiru una kona kumi na saba. Malori mengine yalikuwa yanaupanda yakikoroma, letu likipanda huku tabo linapiga mluzi. Watoto wakiusikia mluzi walikimbilia barabarani kumlaki dereva wetu, Longino Chavala, mtu mpole ambaye alilifuta lori lile kila asubuhi kabla hajanawa uso.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Mgongolwa. Sitamsema vibaya, maana kiwanja cha zahanati hii alikitoa yeye. Ila alipenda jina lake lionekane. Akamwagiza seremala atengeneze ubao wa mninga, mrefu kutoka taa hadi taa, ukachongwa jina la chama, na chini yake jina la mwenyekiti kwa herufi kubwa kuliko za chama. Ukafungwa kwa nati mbele ya lori. Ulipendeza, wallahi. Tulipiga makofi wote, na mimi niliyewashikia nati nilipiga kuliko wote.

Tangu wiki hiyo lori likawa goigoi. Mluzi ukafifia, mlimani likawa linatambaa. Tukasema magunia yamejazwa mno. Tukasema dizeli imechanganywa na maji. Wapo waliosema Longino kazeeka. Ugonjwa wa lori ulikuja na ubao wiki moja, na katika watu wazima wote wa kijiji hakuna aliyejiuliza.

Mwezi wa Novemba ikaingia surua. Tulizika watoto wawili ndani ya siku nne. Chanjo ilikuwa hospitali ya wilaya, huko chini bondeni, na gari la afya lilikuwa limeharibika. Basi likatumwa lori letu, nami nikapewa kazi ya kulinda visanduku vinne vya barafu vyenye dawa. Muuguzi wa wilaya alinishika mkono akaniambia, "Barafu hii ni ya kufika jioni tu. Ikiyeyuka yote, dawa imekufa, mtakuwa mnawachoma watoto maji." Asubuhi ya siku hiyo mtoto wa jirani, anayelala mkeka mmoja na Editruda wangu, alikuwa ameamka na macho mekundu. Niliogopa, wajukuu zangu. Sijawahi kuogopa vile.

Bondeni kulikuwa na joto la kuchemsha ubongo. Tulianza mlima saa nane mchana. Kona ya kwanza tukapita, ya pili tukapita kwa shida, ya tatu lori likatoa moshi mweusi, mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu, na lori likasimama katikati ya barabara. Longino akalirudisha kinyumenyume mpaka chini kabisa ya mlima, jasho likimtiririka.

Hapo chini ndipo ilipokuwa gereji ya Fundi Somoe, mwanamke wa Kilwa Kivinje aliyekuja huku na mumewe wakati wa kujenga barabara. Mume alirudi pwani, yeye akabaki na spana zake. Alivaa ovaroli, kilemba, na kipini kidogo cha dhahabu puani. Nimekutana na mafundi wengi maishani mwangu, wengine wana vyeti ukutani, lakini fundi aliyesikiliza gari kama yule sijamwona tena.

Longino alipogusa ufunguo tu, Somoe akapaza sauti, "Usizime! Iache ingurume taratibu. Tabo limeiva, ukilikatia oili ya kulipoza sasa hivi litaungua." Kisha akasogea akijifuta mikono. "Niliwasikia mkipanda. Nikasema, hawa wanarudi."

"Ni mzigo, Fundi," Longino akajibu kwa mazoea.

"Mzigo gani, kaka?"

Longino akageuka kutazama nyuma. Palikuwa na visanduku vinne na mimi.

Somoe aligusa bomba linalotoka kwenye tabo, akauondoa mkono upesi. Akazunguka mbele, akaingiza kiganja nyuma ya ule ubao na kukiacha humo kidogo.

"Hapa panatakiwa upepo wa kupeperusha khanga," akasema. "Sioni hata wa kuzima kibiriti. Kaka Longino, tabo likiibana hewa, hewa inapata moto. Na hewa ya moto ni kama pamba, inajaza gunia lakini haina uzito. Injini inadhani imeshiba kumbe ina njaa. Ndiyo maana mbele hapa kuna rejeta mbili, moja ya kupoza maji, nyingine ya kupoza hiyo hewa. Zote mbili zinaishi kwa upepo. Ninyi mmezifungia mlango. Ufungueni ubao."

"Ubao huo siufungui," Longino akasema. "Una jina la mwenyekiti, na yeye ndiye aliyeuweka. Nikiufungua, kesho lori anapewa mwingine. Nina watoto sita, Fundi."

Nilidhani Somoe atamkasirikia. Hakukasirika. Aligusa kipini chake, akacheka kidogo.

"Nilipoolewa, shangazi yangu alinivika kipini kikubwa kama kishikizo cha koti. Kila aliyeingia alikisifu. Na mimi nimekaa pale biharusi nahema kwa mdomo, hata pilau ya harusi yangu sikuweza kuila. Siku ya tatu nikakivua, nikavaa hiki. Shangazi alinuna mwezi mzima, lakini nilipumua. Kipini kizuri kisizibe pua, kaka yangu. Jina la mwenyekiti ni zuri. Lakini hao watoto huko juu hawachanjwi kwa jina."

Longino akainamisha kichwa. Mimi nikaruka chini, nikachukua spana kwenye meza ya Somoe. Nilijua kila nati ilipo, si nilizishika mwenyewe siku ya makofi? Nikasema, "Kama ni kufukuzwa, semeni ubao niliufungua mimi." Nikalegeza ya kwanza. Nilipofika ya pili, Longino alininyang'anya spana. "Lori nimekabidhiwa mimi," akasema, akazifungua zote zilizobaki kwa mkono wake.

Nyuma ya ubao rejeta zilikuwa zimejaa manyasi na panzi waliokauka. Somoe akazisafisha kwa brashi taratibu, kama mama anayemsuka binti yake. Kisha akatuambia tungoje mpaka mshale urudi katikati. Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye visanduku, nami nilikuwa nahesabu matone. Somoe akaniona. Akamwita Longino, wakaunyanyua ule ubao, wakauegemeza juu ya visanduku kuvikinga na jua. "Haya," akasema, "sasa umepata kazi."

Tukapanda. Kona ya tatu tukaipita. Kona ya tano mluzi ukarudi, mwembamba kwanza, halafu ukajaa mlima mzima. Longino alikuwa analia huku anaendesha, na mimi nilikuwa nalia huku nimekumbatia visanduku, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Walituambia baadaye kwamba huku juu akina mama waliusikia mluzi tukiwa kona ya kumi, wakaanza kuwafunga watoto mgongoni.

Muuguzi wa zahanati wa wakati huo alipotia mkono kisandukuni alikuta vipande vya barafu vilivyobaki ni vidogo kama punje za maharage. Lakini vilikuwepo. Akaanza kuchanja papo hapo. Kijiji kilizika mtoto mmoja zaidi, yule wa jirani, ambaye alikuwa ameshaugua. Editruda alilia siku mbili kwa sababu ya mkono kumuuma. Kilio hicho nilikifurahia kila mara nilipokisikia.

Mzee Mgongolwa akafika, akaona lori halina kitu usoni. "Ubao wangu uko wapi?"

Longino alisimama wima. Akasema, "Mwenyekiti, kipini kizuri kisizibe pua." Kisha akamweleza yote, tangu kona ya tatu hadi brashi ya Somoe.

Mzee alikwenda nyuma ya lori akautazama ubao wake, umelowa maji ya barafu. Akatazama akina mama, foleni ndefu, wote wamesimama na watoto mgongoni kwa kuwa zahanati haikuwa na hata kigoda. Kisha akamwita seremala. "Utie miguu sasa hivi, foleni haijaisha," akasema. "Jina liwe chini." Toka siku hiyo nilimheshimu mzee yule kuliko siku zote za makofi.

Sasa inukeni. Kastori, shika upande huo, wenzako washike huu, lipindueni hilo benchi. Polepole, mninga ni mzito. Umesoma, Sigrada? Ndilo jina lake. Mama yako alichanjiwa juu ya herufi hizo, amelala mapajani mwa bibi yako, na nyote mmezikalia tangu mkiwa wachanga bila kujua.

Lirudisheni mkae. Kalamu unayo, mjukuu wangu? Kwenye ratiba yako nimeliona jina langu, lipo la tatu, na hotuba nilikuwa nimeshaiandaa, nzuri kwelikweli. Anza kwa kulifuta hilo. Nafasi yake mpe Oliva. Kipini kizuri kisizibe pua.