Pete Juu ya Mkeka

Usiku wa manane, mji mzima wa Marjanabadi ukiwa umelala, ilisikika sauti ya mawe yakinyanyuliwa taratibu, kama mtu afunguaye mlango asitake kumwamsha mgonjwa, na baada ya sauti hiyo ukafuata mvumo mdogo, na mvumo ulipokoma mawe yakarudi chini kwa kishindo, na kulipopambazuka Sultani Mundhiri bin Hamdani, mtawala wa mji huo na mabonde yake yote, akaukuta mnara wake mpya una ufa toka msingini hadi dirishani. Na haikuwa mara ya kwanza. Mnara ule aliujenga jini Hamturi, mtumwa wa pete, na kila alipouziba ufa mchana ulipasuka tena usiku, na maadui wa Sultani walikwisha kupata habari kwamba Marjanabadi ina pembe moja isiyo na ulinzi.

Pete yenyewe ilikuwa kidoleni mwa mwanamke kijana aitwaye Thuwaiba. Mumewe ndiye aliyekuwa mshika pete, na homa ilipomchukua, pete ikakataa kila kidole isipokuwa cha mjane wake, basi akaivaa kwenye kidole gumba na kuizungushia uzi kwa kuwa ilimpwaya, na kazi akaifanya huku ananyonyesha, maana mwanawe alikuwa hajaota hata jino. Yeye alitamka amri tu. Aliyezipanga ni Waziri Dahlani, mkuu wa majengo.

Na Waziri huyu alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi alimwita Hamturi chumbani, wawili peke yao, ati amsikilize mtumishi wake, na jambo hilo akalisifia barazani mpaka watu wakachoka. Lakini humo chumbani mlikuwa na kasuku wake, na kasuku yule kila alasiri aliruka sokoni akasimulia yote aliyoyasikia. Waziri alikaa kitini, jini akapiga magoti mlangoni, na Waziri huku anatafuna tambuu na kutia muhuri barua za watu wengine aliuliza, "Kazi yaendaje?" na Hamturi akajibu, "Njema, bwana," kisha Waziri akaongea peke yake mpaka adhana. Mwishowe kasuku alilizoea jibu lile akawa analitoa yeye kabla jini hajafumbua kinywa, na Waziri akasema, "Vyema sana," wala asiinue macho.

Ufa ulipozidi, Sultani akamwita mnajimu, na mnajimu akapiga ramli, akasema mnara unataka mtoto anyonyaye ajengewe msingini akiwa hai, na awe wa nyumba ya mwenye pete. Sultani alikuwa anakula tende. Akasema, "Na iwe hivyo, Ijumaa baada ya sala," akatema kokwa.

Thuwaiba alipoletewa habari hakulia. Alimfunga mwanawe mgongoni kwa mitandio miwili badala ya mmoja, akakaza mafundo, akaenda kwa Waziri akiwa karibu kukimbia.

"Bwana wangu, nipe Alhamisi yako hii moja. Nikae mimi na Hamturi."

"Utamuuliza nini, binti, ambacho mimi sikumuuliza?"

"Sijui."

"Hujui. Na hiyo ndiyo hoja uliyokuja nayo?"

"Ndiyo, bwana."

"Mama mtoto anataka uwaziri," akasema kasuku. "Mama mtoto anataka uwaziri."

Waziri akacheka mpaka tambuu ikamkwama. "Mpeni chumba. Kesho hatakuwa na wa kumbembeleza, leo acha abembeleze jini."

"Na kasuku abaki na wewe, bwana."

"Kasuku hana neno."

"Abaki, tafadhali."

Basi akaingia, akafunga mlango, na kwa kuwa hakujua namna nyingine akafanya kama alivyoona ikifanywa: akakaa kitini, na jini akapiga magoti, moshi wa kichwa chake ukigusa dari.

"Kazi yaendaje?"

"Njema, bibi."

"Mnara unapasuka, Hamturi."

"Njema, bibi."

"Nakuamuru, kwa haki ya pete, unijibu mengine."

Jini akainama. "Sasa naweza. Marehemu mumeo, kwa agizo la Waziri, aliniamuru kila niulizwapo kazi nijibu njema, ili bwana mkubwa asiletewe habari mbaya. Wewe umeifuta amri hiyo. Uliza."

"Mnara unapasukia nini?"

Jini akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza, na akaulizwa kwa pete, na pete ikawaka kidoleni, na jini akatetemeka kwa maumivu, asiseme. "Pete hunitendesha," akasema hatimaye. "Kutoa la moyoni haiwezi."

Hapo mtoto akaamka akalia, na mtoto ni mtoto, hajui kama yuko mbele ya jini au mbele ya shangazi yake, anataka titi, na kiti kile kilikuwa na mikono mirefu, hakikufaa kunyonyeshea, basi Thuwaiba akashuka akakaa mkekani. Mtoto akaishika ile pete akawa anaivuta, na mama akaitazama, akaufungua uzi pole pole, akaivua, akaiweka mkekani kati yake na jini.

Jini akaenea mpaka mwanga wa dirishani ukafifia. "Wajua kwamba sasa naweza kukuua."

"Najua."

"Mbona umeivua?"

"Kwa kuwa naogopa, na wewe nakuona unaogopa, na sijui unaogopa nini."

Kisha hakuongeza neno. Alikuwa na maneno mengi kooni, ya kumsihi na ya kumwahidi, akayameza, akamgeuza mtoto titi la pili, na ukimya ukawa mrefu, na jini akapungua kidogo kidogo mpaka akawa kimo cha mtu, naye akakaa mkekani.

"Nina mwanangu," akasema Hamturi. "Sisi watoto wetu huzaliwa ndani ya mwamba, na hukaa humo mpaka waote mbawa, ukimtoa kabla hufa. Waziri alikuja akasimama juu ya mwamba huo akasema, jenga hapa. Hakuuliza pana nini. Mchana pete hunishika najenga. Usiku, mwenye pete akilala, naunyanyua mnara mwanangu apate kuvuta pumzi, nami namwimbia."

"Na hukumwambia Waziri."

"Mbele ya ndege yule? Alasiri hiyo hiyo watu wangekuja na kuni na moto."

Thuwaiba akamwangalia mwanawe aliyekuwa amelala na maziwa mdomoni. "Sitamwambia mtu," akasema. "Hata wakimjengea wangu msingini."

Akaivaa pete, akaenda barazani, akasujudu. "Ewe mfalme wa zama, mnara uhamishwe hatua thelathini kuelekea mashariki, na mahali pa kwanza pazungushiwe ua, asikanyage mtu."

"Kwa sababu gani?" akauliza Sultani.

"Nimeaminiwa nayo, bwana wangu. Siwezi kuitoa."

Waziri akainuka. "Siri mbele ya Sultani ni uasi. Na achukuliwe yeye na mtoto wake."

"Nikiitoa," akasema Thuwaiba, "Hamturi hatamwambia tena mtu yeyote jambo lolote, hata wewe, hata siku adui yuko langoni. Hamisha. Ukipasuka, mtoto nitakuletea mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Sultani akasema, "Na uhamishwe."

Jini akaujenga kwa siku moja. Usiku Thuwaiba alikaa chini ya mnara, mtoto kifuani, akasikiliza, na hakusikia mawe, alisikia ule mvumo tu, upande wa pili wa ua, na kulipokucha ukuta ulikuwa mzima kama yai.

Basi Waziri Dahlani akapewa kazi ya kutunza njiwa wa ngome, yeye na kasuku wake, ambaye kila njiwa akifa husema njema, bwana. Thuwaiba akavishwa joho la uwaziri, akapewa nyumba na mashamba, na Sultani, aliyekuwa mjane naye, akamposa. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno mawili, na mji ukala siku saba. Na watu wa Marjanabadi hadi leo huwaambia wakubwa wao kwamba aulizaye akiwa kitini hujibiwa na kiti.

Lakini kabla ya kuikubali posa ile, Thuwaiba aliomba Alhamisi moja. Sultani akaja peke yake, akavua kilemba, akakaa mkekani, na akauliza, "Nini kinakulemea?" na hakuongeza neno.

"Kila nisikiapo hatua zako ukumbini," akasema Thuwaiba, "namfunga mwanangu mgongoni. Hata leo nilimfunga. Ulisema na iwe hivyo, ukatema kokwa. Hukuuliza hata jina lake."

Nje walipita walinzi, na hatua zao zikaisha.

"Anaitwa nani?"

"Naufali."

"Naufali," akasema Sultani. Kisha akasema, "Hili ulilonambia, sitamwambia mtu mwingine."