Kalunde na Mazimwi Wasio na wa Kuwazika

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye shaka?
Anyooshe mkono!

Aha, wewe hapo nyuma umenyoosha. Nimekuona. Sasa sikiliza: nikimaliza, kama bado unabisha, simama mbele ya watu hawa useme kwamba haya hayakutokea. Simama tu! Wamekuja wabishi wakubwa kuliko wewe, wakaondoka wakiniomba nisimulie tena.

Basi. Hapo kale palikuwa na kijiji kikiitwa Kapela, bondeni, kati ya milima miwili. Maji ya chumvi yalibubujika yenyewe kutoka ardhini, na watu wa Kapela kazi yao ilikuwa moja: kuyachota, kuyachemsha, na kukwangua chumvi nyeupe iliyobaki chunguni. Mkuu wa kijiji alikuwa mwanamke, Kalunde, mwenye mikono iliyobabuka kwa moto na mdomo usiopumzika. Walimpa ukuu kwa sababu siku ya kuchagua, wengine wote waliinama kufunga viatu. Na viatu hawakuwa navyo.

Kwenye mlima wa mashariki alikaa zimwi Gubugubu, mwenye midomo saba. Kwenye mlima wa magharibi alikaa zimwi Fukuto, mwenye nywele za moto na kofia ya chuma ya kuzifunika. Hawakupatana hata siku moja. Huyu akipiga chafya, yule anasema ametukanwa.

Kila mmoja alitaka vijiji vyote viwe vyake. Gubugubu aligawa mablanketi mekundu. Fukuto aligawa ngoma zinazojipiga zenyewe. Bure kabisa! Lakini ukipokea tu, kivuli chako kinageuka. Hata jua likiwa utosini, kivuli kinalala kuelekea mlima wa aliyekupa. Na siku akikiita, kivuli kinakwenda, na wewe nyuma yake, utake usitake.

Vijiji vyote vilikwisha pokea. Kikabaki Kapela.

Siku moja Gubugubu akanguruma kutoka mashariki, "Kalunde! Chumvi yote iwe yangu! Fukuto asilambe hata punje! Nakupa siku tatu. Usiposema ndiyo, nakumeza wewe kwanza, kijiji baadaye!"

Mwangwi haujaisha, Fukuto naye akanguruma kutoka magharibi, "Kalunde! Chumvi yote iwe yangu! Gubugubu asilambe hata punje! Siku tatu! Usiposema ndiyo, nameza kijiji kwanza, wewe nakuweka uwe kitafunio!"

Kalunde akaita watu.

Mzee Lubinza akasema, "Twende kwa Gubugubu. Ana midomo saba."

"Midomo saba ndiyo sifa hiyo, mzee wangu?" Bi Nyanzala akadakia. "Twende kwa Fukuto. Huyo anameza mmoja mmoja."

"Tukimbie," akasema Shija, ambaye tayari alikuwa amefunga mzigo.

Kalunde akatikisa kichwa. "Tukienda kwa huyu, yule anatumeza. Tukienda kwa yule, huyu anatumeza. Tukikimbia, huko tuendako tutachemsha nini, matope? Mimi nakaa."

"Unakaa na jibu gani, mama?"

"Jibu sina. Nina siku tatu."

Siku ya kwanza ikapita, jibu hana. Siku ya pili ikapita, jibu hana. Siku ya tatu asubuhi, kilio kikasikika kutoka mashariki, midomo saba kwa pamoja. Mama yake Gubugubu amekufa tangu siku ile ya kwanza, na bado hajazikwa.

Kwa nini? Kwa sababu ya utani, ndugu zangu. Kule, mfiwa hachimbi kaburi. Anachimba mtani wake, yaani mtu wa ukoo uliowahi kugombana na ukoo wake, kisha wakapatana. Mtani huja msibani na jembe na matusi. Anamwiga marehemu, anabeba anachokitaka, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mtani haliwi. Mtani hatumwi. Mtani halazimishwi kushika upande. Mazimwi nao walikuwa na mila hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba Gubugubu, kwa ulafi wake, watani wake wote aliowakumbuka alishawala, na Fukuto vilevile.

Kalunde akasimama. "Nipeni jembe."

"Unakwenda kupigana?"

"Nakwenda kuzika."

Akapanda, akapanda, akapanda, mpaka mlangoni pa zimwi. Gubugubu alikuwa ameketi chini, machozi yamefanya dimbwi.

"Wewe! Umeleta jibu?"

"Jibu gani, we mnuka midomo? Mama yako yuko juani siku tatu, nawe unavuja tu kama chungu kilichotoboka! Sogeza hilo tumbo nipite!"

Gubugubu akapanua midomo yote saba. "Unathubutu?"

"Nathubutu! Babu zako walivunja vyungu vya babu zangu. Babu zangu wakamwaga chumvi kwenye mashamba ya babu zako. Wakapatana kwa mbuzi mmoja. Haya, mimi ni nani kwako?"

Zimwi akafikiri. Mdomo wa kwanza ukasema polepole, "Mtani." Wa pili ukasema, "Mtani." Wa tatu ukasema, "Mtani." Minne iliyobaki ikashindwa kusema kwa kilio.

Kalunde akachimba, akazika. Kisha akajitanda kaniki ya marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yule bibi. "Gubugubu, umekula? Gubugubu, umenawa mdomo wa ngapi? Gubugubu, huo wa sita mbona unanuka?" Zimwi akacheka mpaka mlima ukaporomosha mawe. Kalunde akabeba kigoda cha Gubugubu, haki ya mtani.

"Basi sasa uko upande wangu," akasema Gubugubu, akijifuta machozi.

"Upande? Kwako nakuja, kwake naenda, kwangu nalala."

Akashuka. Bondeni, Fukuto amesimama katikati ya njia, kofia inafuka moshi.

"Umemzikia mama yake! Wewe ni wake! Nakumeza!"

Akapanua mdomo, Kalunde akauona moto kooni.

"Haki yako kuona wivu," akasema Kalunde. "Gubugubu ni mtani wangu. Babu zake walituvunjia vyungu, tukapatana kwa mbuzi."

"Vyungu tu?" Fukuto akaudhika. "Babu zangu walijaza majivu visimani mwenu! Miaka miwili hamkuchemsha kitu!"

"Lo! Na mkapatana na sisi kweli?"

"Kwa ng'ombe! Siyo kambuzi! Ng'ombe mzima, na mkia wake!"

"Basi wewe ni mtani wangu kuliko yeye."

Fukuto akatuna kwa fahari. Kisha akakumbuka kwamba mtani haliwi.

"Nimeze, nimeze," akasema Kalunde. "Lakini siku yako ikifika, nani atakuzika? Utaanikwa juani kama mboga, Gubugubu anakuchungulia kutoka kule, midomo yote saba inacheka."

Fukuto akafunga mdomo. Akaufungua. Akaufunga. Kalunde akanyoosha mkono, akamvua ile kofia ya chuma, nywele za moto zikaruka juu.

"Kumbe una upara katikati! Hii nachukua, itanichemshia chumvi."

Fukuto akakunja ngumi. Akakunjua. Akacheka mpaka cheche zikaruka. "Basi sasa uko upande wangu?"

"Upande? Kwako nakuja, kwake naenda, kwangu nalala."

Tangu hapo Kapela wakawapimia wote wawili chumvi, kwa kibaba kile kile. Na kila mwaka, maji yakijaa, mazimwi walishuka kuja kutukanwa. Walikaa mmoja huku, mmoja kule, na kijiji kikacheza katikati. Bi Nyanzala alihesabu midomo ya mmoja kwa sauti, Mzee Lubinza akaangazia upara wa mwingine. Waliendelea kugombana wao kwa wao, usidhani. Na kila mwaka kila mmoja alimnong'oneza Kalunde, "Mtani, mwaka huu chagua." Hapo kijiji kizima kikapaza sauti, hata Shija aliyekwisha fungua mzigo wake: "Kwako tunakuja! Kwake tunaenda! Kwetu tunalala!"

Funzo lake jepesi: mdogo aliye kati ya wakubwa wawili si lazima awe wa mmoja. Awafae wote, awaogope wote kwa siri, na alale kwake.

Hadithi yangu naitua hapo; anayeitaka aibebe.

Haya, ngojeni, msiondoke. Kuna kipande nimekiruka. Fukuto alipopanua mdomo pale njiani, neno la kwanza la Kalunde halikuwa lile nililowaambia. Alisema, "Ndiyo. Mimi ni wako." Alilisema kabisa. Ila Fukuto alikuwa akinguruma mno, hakusikia. Akauliza, "Umesemaje?" Kalunde akavuta pumzi, akaona kumbe amepewa nafasi ya pili, ndipo akaanza habari za vyungu.

Nilikiruka kwa sababu nilitaka asiwe mwoga hata kidogo. Alikuwa mwoga kama wewe.

Sawa, sawa. Na kama mimi.