Milingoti ya Wima

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii haikatazi kusifu. Inaeleza tu jambo linalotokea mara nyingi baada ya sifa kutua masikioni mwa fundi: husahau kwamba kilichosifiwa ni kazi, akadhani ni yeye. Tangu hapo hupunguza kazi na kuongeza jina, akiamini jina litajaza kibuyu.

Nyuma ya duka moja la vioo palikuwa na karakana ya ndugu wawili, dada na mdogo wake wa kiume. Waliunda merikebu ndogo za mbao, zenye urefu wa mkono mmoja, kila ubao na kila kamba mahali pake. Dada aliunda mwili wa merikebu na kufunga kamba. Mdogo wake alichonga milingoti pamoja na foromali, yaani zile fito zinazokaa mkingamo juu ya mlingoti ili kubeba tanga. Milingoti yake ilinyooka kama uzi wa timazi, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Wima, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Haukuwa uchawi. Wima alifuata utaratibu aliofundishwa na marehemu baba yao. Hakukata kijiti kwa msumeno. Alikipasua kwa patasi ili mpasuko ufuate nyuzi za mti zilivyoota. Alikipiga randa kikawa cha pembe nne, chembamba kuelekea juu. Kutoka pembe nne alikwenda nane, kutoka nane kumi na sita, ndipo akashika msasa. Kisha alikiviringisha juu ya kioo huku taa ikiwaka kwa nyuma: palipopenya mwanga ndipo palipopinda. Mwisho alikining'iniza kwa uzi siku kumi na nne, kwa kuwa mti uliochongwa hugeukageuka kabla haujatulia, halafu akakikagua upya. Katika kila vijiti vitatu, kimoja kiliishia kuwa kuni.

Mwaka huo merikebu zao zilipelekwa kwenye maonyesho ya mafundi. Wageni walipita mbele ya mwili wa merikebu, ambao dada aliukalia miezi mitano, wakaenda kusimama mbele ya milingoti.

"Mikono kama hii huzaliwa mara moja katika kizazi," alisema mkuu wa makumbusho ya bahari, mwanamke mwenye miwani minene. Mwandishi wa gazeti akampiga Wima picha. Dada, kwa furaha, aliikata picha ile gazetini akaibandika juu ya meza ya kazi. Baadaye alijutia gundi.

Siku hiyohiyo mkuu wa makumbusho aliwapa neno zito. Ghalani kwake kulikuwa na merikebu ndogo arobaini za zamani, zote mbovu. Angewapa wao kazi ya kuzitengeneza kwa sharti moja: waunde merikebu mpya ya milingoti mitatu, ikae mwezi mzima ukumbini ndani ya kabati la kioo, chini ya taa. Ikivumilia, arobaini zote zingekuwa zao. Miongoni mwa hizo arobaini ilikuwamo moja iliyoundwa na baba yao. Dada aliwahi kuiona kupitia mlango wa ghala, imelala ubavu, upande mmoja umeliwa na mchwa. Kwa miaka tisa alikuwa ametaka kitu kimoja tu: kuishika mikononi kabla haijawa unga.

Kichwa cha Wima kikavimba. Akawa anafika kazini saa nne, amevaa shati lililopigwa pasi, huenda mpiga picha akapita. Asubuhi moja dada alimkuta akikata vijiti kwa msumeno.

"Wima, unafanya nini?"

"Nachonga mlingoti, dada. Ndiyo kazi yangu, au umesahau?"

"Vijiti hupasuliwa."

"Hupasuliwa na anayejifunza. Mimi nyuzi naziona kwa macho."

Juma lililofuata alikibana kijiti kwenye keekee ya umeme, akakizungusha ndani ya msasa. Kutoka pembe nne hadi duara, dakika sita.

"Na pembe nane ziko wapi?" dada aliuliza.

"Zimestaafu."

"Haya. Ukiviringishe basi kwenye kioo, nione."

"Kioo nimempa jirani."

"Jirani gani?"

"Huyu wa hapo mbele. Alikuwa na dirisha limevunjika."

Dada aliweka chini mkasi. "Umempa muuza vioo kioo?"

"Aliomba kwa adabu, dada. Isitoshe, kioo ni cha nini? Jicho langu ndilo kioo sasa. Kwani hukusoma gazeti?"

"Nililisoma. Sikuona mahali walipoandika kwamba wewe ni taa."

Wima alicheka, akaendelea kupiga mluzi. Dada alikuwa amesema mara tatu, na mara zote tatu maneno yake yaliingia sikio hili yakatokea lile. Duka la vioo lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Angeweza kununua kioo kingine akaikagua milingoti mwenyewe. Hakufanya hivyo. Alichoka kubishana, na zilibaki siku saba tu merikebu ipelekwe makumbusho. Nusu ya muda uliotakiwa kukining'iniza kijiti kimoja. Akajiambia kwamba mdogo wake anaijua kazi yake. Wima naye akaipaka milingoti vanishi mara tatu, iking'ara kama viatu vya bwana harusi.

Wakati wa kufunga kamba, dada alihisi mlingoti wa kati ukiifuata kamba, ukiinama kidogo kama mtu anayesikiliza maneno mlangoni.

"Huu unainama," alisema.

"Umeikaza mno."

"Nimeikaza kama ninavyokaza siku zote."

"Basi leo una nguvu, dada yangu. Umekula nini?"

Merikebu ilipelekwa makumbusho siku iliyopangwa. Siku ya ishirini na tatu simu ililia, wakaitwa wote wawili.

Chini ya taa, hewa ndani ya kabati ilikuwa imekauka, na mti nao ukafuata nyuzi zake badala ya kufuata vanishi. Mlingoti wa kati ulikuwa umepinda kama upinde. Kamba za kushoto zilikazika hadi zikaing'oa misumari midogo. Za kulia zililegea kama kamba ya kuanikia nguo. Foromali ya juu ilikuwa imevunjika, imelala sitahani. Wageni wawili walikuwa mbele ya kabati, wakisifu jinsi fundi alivyoigiza dhoruba.

Dada alifumba macho.

"Ni hizi taa, mama," Wima alimwambia mkuu wa makumbusho. "Joto lake ni kali mno."

"Taa ni hizohizo kwa merikebu zote, fundi. Hiyo hapo kando ina miaka sabini."

Wima aliitazama hiyo ya kando. Milingoti yake minne ilikuwa imesimama.

"Zile arobaini nimeipa karakana nyingine," mkuu aliendelea, bila ukali wowote. "Wamezichukua jana."

"Hata ya baba?" dada aliuliza.

"Hata hiyo. Samahani sana. Nisingeweza kuitoa moja peke yake."

Walitoka. Mtaa wa pili Wima alisimama.

"Dada," alisema, "kesho naanza upya. Nitapasua mti."

"Pasua. Mti haujakukosea kitu."

"Na merikebu ya baba je? Hao watu wanajua hata kuchonga?"

"Inachongewa milingoti na mtu ambaye hajawahi kupigwa picha," dada alijibu. "Itanyooka."

La kuongeza lilikwisha kusemwa zamani na wahenga, ambao hawakumsingizia mtu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.