Hodi ya Tatu

Nisikilizeni, ndugu zangu, na wenye simu waziweke mfukoni, maana mfano wa leo unahusu hizo hizo gemu mnazocheza humo.

Alikuwepo binti mmoja, fundi wa kutengeneza gemu za kompyuta. Nyumba ya mama yake ilipigwa alama ya X nyekundu, ikabomolewa kupisha barabara. Tangu siku hiyo mama akawa mtu wa kukaa kimya tu. Binti aliumia sana. Akamwahidi, "Mama, nitakutengenezea nyumba yako ndani ya gemu. Utaingia tena."

Mungu akamfungulia. Akapata mfadhili wa kumpa pesa nyingi, mafundi, wapiga muziki, kila kitu. Lakini mwenzake kazini akamcheka.

"Pesa zote hizi kwa nyumba moja? Dada, watu watatushangaa! Tujenge mji mzima."

"Nilimwahidi mama nyumba."

"Si itakuwemo humo humo?"

Binti akakubali. Wakajenga mji wa nyumba mia tisa, na taa za barabarani zinawaka. Mama akaletwa, akapewa pedi ya kuchezea gemu, akaelekezwa vitufe vyake. Akazipita nyumba zote bila kugeuka, mpaka mbele ya yake. Akasimama, akasema kwa mdomo wake, "Hodi!"

Kimya. Mlango ulikuwa rangi tu. Katika mji wote ule hapakuwa na mlango hata mmoja wa kufunguka.

"Hodi wenyewe!" Kimya. Akasubiri, akaita mara ya tatu, taratibu. Kisha akaiweka pedi mezani, akajitanda khanga yake. "Hawapo, mwanangu. Twende."

Binti alilia. Akaufuta mji wote. Pesa iliyobaki akaielekeza, pamoja na mafundi wote, kwenye nyumba ile moja: komeo linalolia, jiko la mkaa na moshi wake, jua la alasiri juu ya mkeka, na sauti ya kuitika, "Karibu!" Ikawa gemu fupi, ya nusu saa. Watu wa mbali waliicheza wakifuta machozi.

Akamfuata mama yake. "Mama, njoo. Sasa mlango unafunguka."

Mama akamshika mkono kwa upole. "Nilipiga hodi tatu, mwanangu. Mtu hapigi ya nne kwenye nyumba ya watu."

Mmesikia? Nyumba ya watu! Nyumba yake mwenyewe!

Wageni wa kila nchi wanaingia mle. Aliyejengewa hajaingia mpaka leo.

Na sisi je? Hatukuomba riziki tukapewa? Tumeifanyia nini? Tumejenga mji: sherehe za kifahari, kamati saba, ahadi kwa kila mtu tunayekutana naye. Milango inang'aa rangi, haifunguki. Mimi ninayesema nimo. Tupunguze mji, ndugu zangu. Hicho kingi ulichopewa, kimalizie kwenye mlango mmoja, ufunguke kweli.

Maana kwako kuna mtu amesimama nje, na hodi mbili ameshapiga. Unamjua. Kamfungulie.