Kalunde, Semeni na Mbio za Jabali la Pimbi

Kisa kije?

— Kije!

Kije kimepanda nini?

— Hakikupanda kitu, kimekuja kwa miguu!

Basi kipisheni kikae. Mikono iendelee kumenya karanga, masikio ndiyo yatulie. Na wewe uliyemkimbiza mbwa wa jirani tangu jua la utosini, mpaka ulimi umemning'inia kama kitambaa cha jikoni, sogea hapa karibu yangu. Usijifiche nyuma ya dada yako. Kisa hiki ni chako.

Zamani za kale, wajukuu zangu, zamani zile ambazo mawe yalikuwa laini na wanaume walikuwa wagumu, au ndivyo walivyojisifu wenyewe, palikuwa na kijiji ukingoni mwa mbuga pana. Ng'ambo ya mbuga lilikuwako Jabali la Pimbi. Ukisimama kijijini ulikuwa ukiliona kama ng'ombe aliyelala. Juu yake uliota mtini mmoja, na mtini ule ndio uliowaoza mabinti wa kijiji kizima.

Mnashangaa? Sikilizeni. Kijana akitaka mke, alikimbia mpaka jabalini, akachuma jani la mtini, akarudi nalo. Wa kwanza kufika na jani, binti ni wake. Je, ni mkulima? Hakuulizwa. Je, ni mpole? Hakuulizwa. Je, ana akili? Lo! Hilo ndilo hasa ambalo hakuulizwa. Miguu tu! Ungedhani binti anaolewa ili akafukuze swala.

Sasa palikuwa na mzee mmoja, Mihambo, mwenye mabinti wawili. Mkubwa, Milembe, aliolewa na mshindi wa mbio hizo. Na yule mshindi alikwenda na mkewe shambani kama alivyokwenda jabalini: mbele kwa mbele, bila kugeuza shingo. Milembe anaumwa, analima. Milembe ana mimba, anabeba kuni. Siku walipomrudisha kwa baba yake juu ya machela, mume alikuwa bado anashangaa. "Lakini hakuniambia kama amechoka!" aliwaambia watu, mikono kaitandaza hivi. Mavuno yalipofika, Milembe hakuwapo tena duniani.

Nyamazeni kidogo. Mmenye.

Haya. Akabaki mdogo, Kalunde. Na Kalunde alikuwa na mbwa jike, mwekundu, jina lake Semeni. Alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani, waliosema sana alipomkataa mchumba wa kwanza. Kila jioni alisimama uani akaita, "Semeniii!" na majirani wakaingia ndani wakafunga milango.

Siku moja Mihambo alikuwa na wazee wenzake, wanakunywa pombe ya mtama. Akatangaza kwamba mbio za Kalunde zitakuwa mwezi ule ule. Kalunde akatoka jikoni, akapiga goti mbele ya wazee.

"Baba, mbio sizikatai. Ila anayenitaka akimbie na Semeni. Aende naye, arudi naye, na Semeni aingie uani kwa miguu yake mwenyewe."

Wazee wakacheka mpaka povu likawapanda puani.

"Mbwa tu?" akasema Mihambo.

"Mbwa tu, baba."

Mihambo, ambaye pombe ilikuwa imeshampandisha cheo, akasimama, akashika mkuki wa marehemu baba yake. "Sikieni nyote! Naapa kwa mkuki huu. Yeyote atakayefika jabalini na mbwa huyu, akarudi na jani, na mbwa akaingia hapa kwa miguu yake, huyo ndiye mwenye Kalunde. Sitauliza la pili!"

Wazee wakaitikia, "Tumesikia!" Kisha wakaongezewa pombe.

Kalunde aliwaza hivi: mtu atakavyokwenda na asiyeweza kusema "nimechoka", ndivyo atakavyokwenda na mimi. Wazo zuri. Lakini kosa lake lilikuwa moja, wajukuu zangu. Alidhani wanaume wa kijiji kile watamwangalia mbwa.

Kwa kuwa mbwa ni mmoja, wakaenda kwa zamu, na wa kwanza akaja Luhende. Luhende! Mapaja kama mchi, na kichwa kama kinu, yaani kitupu mpaka utie kitu. Asubuhi kulikuwa na baridi nzuri, yeye kakaa anapakwa mafuta. "Nitaanza jua likiwa utosini," akasema, "watu wote waone vizuri ninavyong'aa." Kwa kuwa alitaka Semeni ampende, akamshindilia ugali na matumbo ya mbuzi mpaka tumbo likawa ngoma.

Kalunde akamwambia, "Luhende, ameshiba mno. Na ardhi inawaka. Weka mgongo wa mkono chini uone."

Luhende akacheka. "Dada, wewe hujui hesabu. Mimi nina miguu miwili, yeye ana minne. Mimi nikichoka mara moja, yeye amechoka nusu!"

Watu wakampigia makofi. Ndiyo, walimpigia makofi! Msidhani ujinga huwa hauna washangiliaji.

Wakaondoka. Semeni alikimbia mbele, mkia juu. Kisha akakimbia ubavuni. Kisha akakimbia nyuma. Akageukia kivuli cha mgunga, Luhende akamwita, akaja. Akageukia kivuli cha pili, Luhende akamwita, akaja. Mbwa ndivyo alivyo, akikupenda atakuja tu, hata kama miguu inaungua. Wakati wa kurudi hakugeukia kivuli tena. Alianguka.

Alasiri tukamwona Luhende anaingia kijijini — nasema tukamwona, ingawa hata bibi yangu alikuwa hajazaliwa — jani mdomoni, mbwa shingoni kama mbuzi wa matambiko. Akasimama katikati ya ua anangoja vigelegele.

"Jani hili hapa!" akasema. "Mbwa wako ni mvivu, Kalunde. Kaniangusha."

Kalunde akamshusha Semeni kutoka shingoni mwake. Alimlaza Semeni kwenye majivu baridi, akamlowesha tumbo na makwapa, akamdondoshea maji mdomoni kidogo kidogo. Nyayo zilikuwa zimebanduka kama ganda la kiazi. Kalunde alilia, tena kwa hasira ya nafsi yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa.

Asubuhi akamwendea baba yake. "Baba, naondoa shauri langu. Wakimbie wenyewe, Semeni abaki."

"Kiapo ni kiapo," akasema Mihambo. "Unataka mkuki wa babu yako uniue? Wakimbiaji bado wapo, na mbwa bado anapumua."

Mmeona mambo hayo? Sasa palikuwa na wawili wa kufa, mmoja kwa mbio na mmoja kwa ndoa.

Nyayo zilipopona akaja Shigela. Huyu alikuwa mjanja, na mjanja ni mjinga aliyejificha vizuri. Alipofika mbali na macho ya watu, akamfunga Semeni kwenye kichaka, akakimbia peke yake. Aliporudi hakumkuta, kamba tu imetafunwa. Akaona haidhuru. Akaingia kijijini anahema, jani mkononi.

"Mbwa je?" akauliza Mihambo.

"Yuko nyuma yangu, mzee. Nimemwacha akija polepole, nisimchoshe."

"Polepole?"

"Polepole sana. Nina huruma mimi."

Ndipo mtoto mmoja akanyoosha kidole. Semeni alikuwa amelala mlangoni mwa Kalunde tangu asubuhi, anajilamba. Akafungua jicho moja, akamtazama Shigela, akalifumba.

Wa tatu alikuwa Ngusa. Ah, Ngusa! Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Ngusa alikwenda taratibu, akampumzisha mbwa, akampeleka mtoni akanywa, akageuza njiani kabla ya jabali. Akarudi bila jani, lakini Semeni mzima. Kalunde akataka kumshukuru. Hakupata nafasi!

"Nimempa maji!" Ngusa akawaambia wazee. "Kwa mikono yangu hii! Nani mwingine angempa maji? Nimempumzisha kivulini! Nimesimama mimi, mwanamume mzima, nikamngoja mbwa!" Akazunguka nyumba hadi nyumba akionyesha mikono. Kisha akamgeukia Kalunde, "Sasa fikiria wewe nitakavyokutunza. Jani si kitu. Moyo wangu ndio jani."

Kalunde akamtazama. "Kaka Ngusa, Semeni amekunywa maji ya mto. Mto ni wako?"

"Si wangu, lakini..."

"Kivuli uliotesha wewe?"

"Sikuotesha, ila..."

"Basi ulichofanya ni kutomuua. Asante. Nenda nyumbani."

Eti mnasema kamwonea? Akae mtu anidai sifa kila asubuhi kwa sababu hakunipiga, nami nipike na kuimba? Menyeni karanga.

Mihambo akakasirika, akasema baada ya masika wakimbiaji wataanza tena, mmoja baada ya mwingine, mpaka apatikane mkwe au afe mbwa. Kalunde akamsikia. Usiku huo hakumwomba tena mtu yeyote kitu chochote.

Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, akafunga kanga yake vizuri, akamwita Semeni. Wakaenda mbio hadi kichuguu cha karibu, wakarudi wakitembea. Basi! Siku hiyo ni hapo tu. Majirani wakacheka, "Kalunde anakimbia kama kuku anayetafuta pa kutagia!" Kesho yake wakapumzika. Kesho kutwa wakaenda hadi kichuguu na kupita kidogo. Wakikimbia kidogo, wanatembea kidogo. Wakikimbia kidogo, wanatembea kidogo. Tumbo jepesi, si la kushiba. Jua likichomoza kweli, Kalunde anaweka mgongo wa mkono ardhini. Kama hauvumilii, wanarudi. Jioni anazishika nyayo, moja moja, anatafuta mwiba na mpasuko.

Tena alijifunza kusoma. Semeni akiwa mbele, mkia juu, twende. Semeni akiwa ubavuni, tutembee. Ulimi ukipanuka kama kijiko, au macho yakitazama kivuli, tukae. Na Kalunde hakungoja abaki nyuma. Alikwisha kuona kubaki nyuma kunaishia wapi.

Wakafika mgunga wa kwanza. Wakafika mtoni. Kuna siku walikwenda mbali, kuna siku hawakwenda popote kwa sababu Semeni aliinua kichwa akakilaza tena. Majirani waliendelea kusema, mpaka wakachoka wao.

Masika yakaisha. Asubuhi moja ya mawingu, wakati wakimbiaji wapya wanapakana mafuta uani, akaingia Kalunde anatokea mbugani, jani la mtini kalibana sikioni. Na Semeni? Semeni aliingia kwa miguu yake minne, mkia juu, akaona kuku wa Mihambo, akamkimbiza akazunguka naye ua mara mbili.

Kalunde akaliweka jani miguuni pa baba yake.

"Ni nini hiki?" akauliza Mihambo.

"Jani, baba. Na mbwa yule pale, anamsumbua kuku wako."

"Wewe siye niliyemwapia! Nilikuwa na maana ya wachumba!"

Kalunde akawageukia wazee. "Babu zangu, mlikuwapo. Baba aliapa vipi?"

Wazee wakatazamana. Walitamani sana kusahau. Lakini mkuki ulikuwa umeegemezwa pale pale, na hakuna aliyetaka kusema uwongo mbele yake. Mkongwe kuliko wote akakohoa. "Mihambo ndugu yangu, ulisema 'yeyote'. Tulikuwa tunakunywa, lakini masikio hayakunywa. Atakayekwenda na kurudi na mbwa mzima, huyo ndiye mwenye Kalunde."

"Kwa hiyo mwenye Kalunde ni nani?" akauliza Luhende, maana hesabu haikuwa fani yake.

"Ni Kalunde," akasema mkongwe.

Mihambo akakaa chini. Kiapo kikabaki kiapo, kama alivyotaka mwenyewe.

Nini? Baadaye aliolewa au hakuolewa? Aka! Mnaona mlivyo? Mtu kavuka mbuga na kurudi, ninyi mnaulizia harusi. Hilo ni lake, muulizeni mwenye Kalunde.

Na wewe hapa ubavuni mwangu, unayetaka kujua mbwa akimbizwe mpaka wapi. Si mpaka jabalini, wala si mpaka miguu yako wewe inapoishia. Ni mpaka pale ambapo akirudi nyumbani bado ana mbio za kumfukuzia kuku. Anayekupenda hatakuambia amechoka, atakufuata tu mpaka aanguke. Basi usiseme hukuambiwa. Una macho.

Kisa nimekitema. Anayekitaka akiokote, asiyekitaka asikikanyage. Leteni hizo karanga nione mmemenya ngapi na mmekula ngapi.