Nguzo Zilizokatwa Miguu

Wapendwa, leo nina habari ya nguzo za ua. Wewe kaka pale nyuma usicheke, utanyamaza mwenyewe.

Kulikuwa na bwana mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa korongo. Mama yake mzazi alikuwa haoni, na kila siku alipita ukingo ule kwenda kupiga soga kwa jirani. Yule bwana akaamua kuweka ua wa nguzo na fito, mama awe anapita huku ameshika. Wazo zuri, au siyo?

Akaita fundi. Fundi akachonga vichwa vya nguzo zote, mahali pa kulaza fito. Miguu akaichoma motoni mpaka ikawa nyeusi, ili mchwa wasiile. Akachimba mashimo ya kufika mapajani, akarudisha udongo kidogo kidogo, akiushindilia kwa mtaimbo. Zilipobaki nguzo sita, homa ikamshika. Akamwagiza mwenye nyumba kwamba huko mbele kuna mwamba, aupasue, asiuonee uvivu.

Yule bwana akachimba. Shimo lilipofika magotini, mtaimbo ukagonga jiwe. Akapiga mara tatu, mikono ikamuuma, akaacha. Akasimamisha nguzo hivyo hivyo, ikazipita nyingine kwa urefu, haipendezi. Basi akachukua msumeno. Juu kulikuwa kumeshachongwa, kwa hiyo akakata chini, mguu ule ule uliochomwa. Zote sita.

Ua ukanyooka, majirani wakausifu. Mama akaupapasa, akauliza, "Mwanangu, nikichoka naweza kuegemea?"

"Egemea tu, mama."

Masika mawili mchwa walikula huko chini, hakuna aliyejua. Siku moja mama alikuwa anarudi kwa jirani, akachoka, akaegemea. Ua ukaenda naye korongoni.

Msibani, kila aliyekuja kumpa pole yule bwana aliambiwa ni mapenzi ya Mungu. Watu wakaitikia. Fundi naye akaja. Hakuketi. Alishuka korongoni, akarudi na nguzo begani, akailaza mbele ya mfiwa, akamwonyesha mguu wa nguzo ulivyokatwa.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "Mungu hakushika msumeno."

Yule bwana akaupapasa ule mguu uliokatwa.

Haya, sasa ni zamu yetu sisi. Tumekata mangapi kule chini kusikoonekana, mradi juu kunapendeza? Wewe uliyemwambia mkeo akuamini, huku unamdanganya. Wewe unayemhudumia mgonjwa, ukaruka dawa ukasema umempa. Wakianguka tunavaa nguo za msiba na kumsingizia Mungu. Inanikera, nawaambia kweli, na mimi mwenyewe nimo.

Mama yule hakuwa na macho ya kukagua kazi. Alikuwa na neno la mwanawe, basi. Na nyumbani kwako yupo anayeegemea neno lako hivi sasa, tunavyozungumza. Ibada ikiisha, usisimame mlangoni kunipa mkono. Nenda kafukue.