Jembe la Fulgensi

Utani usio na jembe ni tusi.

Mmeisikia jana msibani, yule bibi alipomfunga mdomo kijana aliyekuwa anawachekesha kwa makabila ya watu. Mkacheka, halafu mkaja kwangu kuuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Si methali ya mababu hii. Waliokuwepo ilipozaliwa bado wanakula ugali, na ilizaliwa namna hii.

Kulikuwa na mtu wa Mbagala akiitwa Kondo Mwinyimvua, Mzaramo, fundi wa kuchomea mageti. Kondo alipenda redio za zamani, zile za mbao zenye kioo mbele na mshale unaotembea ukizungusha kitufe. Akaanzisha kundi la Wasapu, akaliita Redio za Mababu. Wakajiunga watu mia moja na arobaini kutoka kila pembe ya nchi. Hawakujuana kwa sura. Mtu alirekodi redio yake ikikoroma, akaituma, na wenzake wakamwambia inaumwa nini.

Katika wote hao hakuna aliyemfikia Fulgensi Sikazwe. Huyu alikuwa Mfipa, mzaliwa wa upande wa Sumbawanga, lakini yeye na mkewe walikuwa wamehamia kulima maharage katika kijiji cha milimani kiitwacho Chilundwe, mbali na barabara ya Dodoma. Bondeni kwake mtandao haukushika. Kila jioni alipanda mlima na simu yake, akasikiliza redio za watu, akawajibu mmoja mmoja, kisha akashuka.

Kondo alikuwa na redio ya marehemu baba yake, bubu kwa miaka kumi na moja. Mafundi watatu walishaishindwa. Fulgensi alisikiliza tu ule mlio wake, tik, tik, akasema, "Kaka Kondo, fungua nyuma. Kushoto kuna kapasita imevimba. Ibadilishe, usiguse kingine." Kondo akafanya hivyo, na redio ikasema. Mtu mzima akakaa chini akalia.

Mvua zilipoanza, mwanachama mmoja wa Tabora akaandika kwamba radi imepiga antena yake. Kondo akaishika simu, akarekodi, "Jamani, mbona mnahangaika? Mfipa wetu si yupo hapa? Radi anauza jumla na rejareja! Fulgensi, tupunguzie bei, bwana!" Akaachia cheko lake, refu, la kukatika pumzi. Kundi zima likacheka naye, maana wote walikulia kwenye uvumi kwamba Wafipa hutuma radi.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi. Umeme ukikatika, Mfipa. Betri ikifa, Mfipa. Paka mweusi akipita mbele ya duka la mtu, Mfipa. Mwanzoni Fulgensi alicheka nao. Baadaye akaandika, "Ndugu zangu, mimi nina jina." Wakazidi. Kondo akamjibu, "Utani tu, usinune. Ukinuna tutaungua." Kisha Fulgensi akanyamaza, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kondo hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitisha mimi.

Zikapita wiki tatu. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Kondo akiwa karakanani, simu ilianza kutetemeka juu ya meza ya chuma. Ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena, mpaka ikasogea yenyewe kuelekea ukingoni. Sauti kumi na moja kutoka kwa Fulgensi, zote kwa mpigo.

Akavua miwani ya kuchomea, akasikiliza.

Ya kwanza ilikuwa ya redio. Alikuwa ameifufua moja iliyonyeshewa, na nyuma ya maneno yake ungeisikia ikiimba. Za katikati zilikuwa fupi. Kuna mtu wa kundini amemtumia binamu yake wa Chilundwe lile cheko la Kondo, na sasa lipo kwenye simu za kijiji kizima. Radi imeua ng'ombe wa jirani. Watoto wanakimbia wakimwona. Katika ya tisa alikuwa anakohoa. Katika ya kumi alisema, "Kaka Kondo, kifua kinanibana. Kijana wa pikipiki hataki kunipeleka zahanati, anaogopa nitamuunguza njiani. Wewe ndiye ulianza. Waambie watu hawa ulikuwa mzaha. Nakuomba."

Ya kumi na moja haikuwa na neno. Pumzi tu, na redio nyingi zikikoroma kwa mbali.

Kondo akiwa bado ameishika simu sikioni, ikaingia nyingine. Sauti ya mwanamke.

"Mimi ni mama Editha, mke wake. Fulgensi amefariki jana alfajiri. Hizo alikuwa anazirekodi kitandani, akisema atapanda mlima akipata nafuu. Leo nimepanda mimi kuwapigia ndugu zake, simu ikashika mtandao, na sauti zikaanza kuondoka zenyewe. Ndugu zake wako mbali na mvua imekata barabara ya huko. Hapa hakuna anayekubali kuchimba kaburi. Yeye alikuwa anawaita ninyi rafiki zake. Njooni mnisaidie kumzika."

Zikapita dakika tano, kumi. Kisha mmoja akaandika, "Duh! Mfipa hata akifa anatuma!" Akaweka vile vikatuni vya kucheka machozi.

Kondo alihisi cheko likimpanda kooni, kwa mazoea tu, kama mate yanavyojaa mdomoni ukiona ndimu. Likakwama hapo. Halafu akaona majina yakianza kuondoka kundini. Huyu ameondoka. Yule ameondoka. Kufika adhuhuri walikuwa wameondoka sitini, na hakuna hata mmoja aliyesema pole.

Alifunga karakana, akapanda basi.

Chilundwe alifika kesho yake mchana. Wa pikipiki alimshusha darajani, akageuza bila kuzima injini. "Mimi mwisho wangu hapa, mzee." Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi. Kila nyumba aliyoipita mlango ulikuwa nusu wazi, na kila alipoupa kisogo aliusikia ukifungwa, taratibu, bila kubamizwa. Hakuna kilio. Hakuna turubai, hakuna moshi wa chungu cha msiba.

Alipoikaribia nyumba aliyoelekezwa, akasikia watu wakizungumza ndani, wengi, wanaume kwa wanawake. Moyo ukamtulia. Kumbe watu wamekuja, akawaza. Akapiga hodi, akaingia.

Hapakuwa na mtu. Redio tisa zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zinawaka kama Fulgensi alivyoziacha. Betri zilikuwa zinaishiwa. Watangazaji walisema polepole, kwa sauti nene za kuburuta, kama watu wanaosemea usingizini. Chini yao kulikuwa na jeneza la mbao mbichi, na kando yake mama Editha, ameketi sakafuni.

"Karibu," akasema. "Mko wangapi?"

"Niko peke yangu, mama. Mimi ni Kondo."

"Huna haja ya kusema jina. Sauti yako naijua."

Akanyanyuka, akatoa jembe nyuma ya mlango, akampa. "Ni la kwake. Nimeweka alama pale kwenye migomba. Katekista atakuja kaburi likiwa tayari. Yeye ni mzee, hawezi kuchimba."

Kondo akaomba kwanza amwone marehemu. Kifuniko kikasogezwa. Alikuwa mwembamba, mfupi kuliko alivyomdhania, ana mvi kidevuni. Uso wa mtu ambaye ungeweza kumpita stendi usimkumbuke. Kondo akatoka nje, akaanza kuchimba.

Udongo wa juu ulikuwa tope, wa chini mawe. Shimo lilipomfika kiunoni, akainua macho, akaona watu. Walikuwa wamesimama kwenye ukungu, thelathini hivi, mbali kidogo, wametulia kabisa. Hakusalimiwa. Akainama akaendelea. Lilipomfika kifuani, ngurumo ikapita juu ya mlima.

Ndipo alipolisikia lile cheko.

"Radi anauza jumla na rejareja! Tupunguzie bei, bwana!" Kisha cheko, refu, la kukatika pumzi. Lilitoka kwenye ukungu, juu ya kichwa chake. Ilikuwa kana kwamba yuko Kondo mwingine pale ukingoni, anachungulia shimoni, anamsubiri amalize.

"Nani amewasha hiyo?" akauliza.

Mzee mmoja akasogea, simu mkononi. Alikuwa Mzee Senyagwa, yule aliyefiwa na ng'ombe. "Sauti hiyo unaijua?"

"Ni yangu."

Watu wakanong'ona. "Kumbe ndiye shahidi mwenyewe," akasema mwanamke mmoja.

"Shahidi gani?"

"Wa Dar," akasema Senyagwa. "Ng'ombe wangu alikufa leo, hii tukaisikia kesho yake. Tukasema, loo, kumbe huyu mpaka mjini anajulikana. Wewe ulimjuaje kama ana radi?"

"Sikujua kitu. Sikumjua hata yeye. Sura yake nimeiona leo, ina pamba puani."

"Basi kwa nini ulisema maneno yale?"

"Nilitaka watu wacheke, mzee."

"Tu?"

"Tu."

Ngurumo ikaja tena, karibu zaidi. Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Kijana mmoja akapaza sauti, "Wewe mzee wa Dar, toka humo! Anakulipiza huyo!"

Kondo alitetemeka. Sitawadanganya, alitetemeka mpaka mpini ukagongana na mawe. Lakini alibaki shimoni, akajibu kwa sauti kubwa, "Mimi ndiye niliyemtukana kuliko wote. Mvua hiyo hapo, na mimi nimeshika chuma. Kama radi ilikuwa yake, hana wa kuanza naye ila mimi. Simameni mtazame."

Akainua jembe, akachimba.

Wakasimama wakitazama. Radi ikamulika upande wa bonde, ukungu wote ukawa mweupe kama maziwa, na kila mtu akamwona mwenzake anavyomtumbulia macho mtu aliye kaburini, anasubiri afe. Kisha kikatanda kile kiza cha mvua. Mvua ikanyesha. Ikanyesha tu, kama inavyonyesha. Jembe likaendelea, kwa, kwa, kwa.

"Tulimnyima pikipiki," mwanamke akasema.

"Nyamaza wewe," mwingine akamwambia.

Mzee Senyagwa akaondoka. Aliporudi alikuwa na jembe lake. Akashuka shimoni upande wa pili, wakachimba wamepeana migongo. Hakuzungumza na Kondo mpaka mwisho. Jeneza lilibebwa na watu wanne, Kondo, Senyagwa, katekista aliyekuwa anahema kwa uzee, na mjane mwenyewe. Wale wengine walivua kofia. Hakuna aliyesogea.

Walipomaliza kufukia, Kondo akapiga magoti kwenye tope mbele ya mama Editha.

"Mama, nisamehe. Sikumchukia mumeo. Ulikuwa utani. Sisi Wazaramo tumekulia kwenye utani, na watani wetu Wanyamwezi tunatukanana mpaka matusi yanaisha. Nilidhani ni vilevile."

"Baba yako yuko hai?"

"Alishafariki."

"Hao Wanyamwezi walikuja kumzika?"

"Walikuja. Walituchekesha siku nzima. Mmoja alilala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Alisema kaburi ni zuri mno kwa Mzaramo, atakaa yeye."

"Kabla hajalala humo, kaburi alichimba nani?"

Kondo akageuka kulitazama lile kaburi.

"Nakuuliza, baba. Nani alichimba?"

"Wao, mama. Walitangulia kufika kuliko ndugu. Walichimba wao."

"Basi unajua." Mama Editha akaitazama mikono ya Kondo iliyochubuka, lakini hakuigusa. "Ninyi mlikuwa mia moja na arobaini. Mdomo mlikuja nao wote. Jembe nimeona moja, nalo ni la marehemu. Utani usio na jembe ni tusi."

Akalichukua jembe mkononi mwa Kondo, akaliosha tope kwa maji ya mvua, akaingia nalo ndani na kufunga mlango. Kondo alibaki nje amepiga magoti. Akazisikia zile redio zikizimwa, moja baada ya nyingine, mpaka nyumba ikawa kimya.

Alipanda ule mlima kwa miguu, mahali Fulgensi alipokuwa akisimama kila jioni. Simu ikashika mtandao. Wenzake walikuwa wameandika mengi. Wengine walisema Kondo amekuwa mlokole, wengine wakasema mambo ya kabila ni utani tu, Watanzania tumezoea. Hakubishana nao. Aliandika kilichotokea, kwamba aliyeanzisha uongo ni yeye, na kwamba aliyezikwa leo alikuwa na jina, Fulgensi Sikazwe. Chini yake akaweka yale maneno ya mjane kama alivyoyasema.

Mama Editha alirudi kwao Ufipa barabara ilipofunguka. Chilundwe hakukanyaga tena. Kwa hiyo msinielewe vibaya, Kondo hakutengeneza kitu. Alimzika mtu, basi.

Lakini maneno yale yalitoka kundi moja yakaingia jingine, yakashuka mpaka misibani. Mtu akianza kuwachekesha wenzake kwa kabila la fulani, haulizwi kama anamchukia. Anaulizwa, huyo akifa kesho, utakuwepo asubuhi? Mkono wako umeshika nini? Akikosa jibu huambiwa alichoambiwa yule kijana jana.

Utani usio na jembe ni tusi.